Maneno ya Ndani ya Mabano

Uji wa mahindi unaoungua chini ya sufuria, kwangu mimi, ndio harufu ya mchezo wa kuigiza. Muhula ule, shule yetu karibu na mji wa Wote ilikuwa ikipika gundi ya unga ili kubandika magazeti kwenye maboksi, yawe ukuta wa nyumba jukwaani, na harufu ilifika hadi shambani kwetu nilikokuwa nikivuna mbaazi. Mimi niliacha shule nikiwa darasa la sita, mama alipomfuata baba kaburini, ili wadogo zangu wawili wasome. Kwa hiyo Mwende, anayenifuata, alipoleta karatasi za mchezo na kusema amepewa nafasi ya binti anayefukuzwa nyumbani, nilifurahi kana kwamba nimechaguliwa mimi. Nikaapa hatakosea hata neno moja.

Karatasi zilijaa mabano. Mabano niliyajua: katika kitabu cha nyimbo cha kanisa letu, maneno yaliyo ndani yake huimbwa na kanisa zima, mara mbili, kwa nguvu. Nikamfundisha hivyo hivyo. Siku ya mazoezi Mwende alisimama mbele ya wenzake, akanyoosha shingo na kutangaza, “Anaingia akilia. Anaingia akilia.” Alirudi nyumbani na jina jipya. “Wee Anaingia, umeshaingia?” watoto walimwita njiani. “Toka basi, uingie tena.” Mwalimu alikuwa amesema nafasi ile atampa mwingine, naye Mwende akasema harudi shuleni kamwe. Hapo nikaogopa. Akiacha yeye, nilikuwa nimeacha mimi bure.

Kesho yake nilimfuata mwalimu. “Mwalimu, kosa si la mtoto. Mimi ndiye nilimfunza.”

“Na wewe ulifunzwa na nani?”

“Kitabu cha nyimbo.”

Alicheka hadi akashika dawati. Kisha akaniambia nije kila siku saa kumi, na Ijumaa atamsikiliza Mwende tena.

Wiki ile nilikaa dawati la nyuma na vumbi la mbaazi nyweleni. Nikajua kwamba yale ya mabano ni maelekezo ya jukwaani: hayasemwi, hutendwa. Nguo za mhusika ni maleba. Watazamaji ni hadhira. Halafu kuna mzungumzo wa kando, mhusika anapoiambia hadhira siri yake huku wenzake, pale pale jukwaani, wakijifanya hawasikii. Huo ulinisisimua kuliko yote. Nilikuwa na mengi ya kusema kwa namna hiyo. Nyumbani leso ya mama ikawa maleba, na Mutua, kitinda mimba wetu, akawa baba mkali, akimfukuza Mwende kwa mwiko mpaka kuku wakatawanyika.

Ijumaa Mwende aliingia bila neno, mabega yakitetemeka, machozi ya kweli mashavuni. Waliokuja kumcheka walisogea mbele wamwone vizuri. Alipomaliza, mwalimu alisema, “Nafasi ni yako. Na wewe dada yake, siku ya onyesho ufunge mdomo. Nimesikia maneno yake yote kutoka kwako.”

Siku hizi watoto wangu wakikwama kwa neno huiuliza simu, nayo huwajibu kabla mtu hajajua walitaka kukosea. Ni vizuri, wala siwaonei wivu. Kosa letu lilisikiwa na shule nzima, na ndilo lililonirudisha darasani. Mwende alimaliza shule, akawa mwalimu. Mimi nikiulizwa nilisoma mpaka wapi, hujibu bila aibu: darasa la sita na wiki moja.