Damu Niliyoilaza Kando ya Mafiga

Baridi ya mwezi wa sita huku Ufipa ndiyo iliyoniponza. Nisiisingizie baridi, niseme mimi.

Mbwa wetu alikuwa amegoma kula. Si mbwa wa kubweka tu yule. Mke wangu macho yamefifia, na kila asubuhi alishika kamba ya mbwa huyo mpaka kisimani na kurudi. Bwana mifugo akaja hapa Kizwite, akamnyoa manyoya kidogo mguu wa mbele, akavuta damu, akaitia kwenye kichupa.

"Mzee, mimi nakimbilia ng'ombe anayezaa kule Milanzi. Kigeuze hivi, juu chini, polepole. Usikitikise. Kipeleke maabara sasa hivi."

"Nimesikia, mwanangu."

Kusikia nilisikia, ila mkono una mazoea yake. Shule niliishia darasa la tatu, na maneno niliyoyasoma mara nyingi kuliko sala ni yale ya kwenye chupa za dawa ya kikohozi: tikisa kabla ya kutumia. Nikakitikisa kwa mkono wa kulia kama kibuyu cha maziwa. Halafu ukungu ulikuwa mzito, nikasema ngoja ninywe uji kwanza, na damu ya kiumbe isipoe. Nikakilaza kando ya mafiga. Uji ukawa vikombe viwili, jirani naye akaja na habari zake ndefu.

Maabara, binti aliyekipokea alikiinua kwenye mwanga. Maji yaliyojitenga juu ya damu yalikuwa mekundu.

"Babu, hii umeitikisa?"

"Hapana."

Aibu ya uzeeni ni kitu kibaya sana.

Siku ya pili bwana mifugo akarudi, hata kukaa hakutaka. "Majibu mabaya, mzee. Ini limekwisha, figo nazo. Kesho nakuja na sindano ya kumpumzisha, asiteseke."

Mke wangu hakulia. Alisema tu, "Chimba leo. Asubuhi ardhi ni ngumu."

Nikachimba nyuma ya banda la kuni. Mbwa akaja, akalala ukingoni, akawa ananitazama nikitupa udongo. Nikaendelea kuchimba.

Kesho yake dawa ilishavutwa kwenye sindano ndipo mdomo wangu ukafunguka. "Ngoja. Nilikitikisa. Nikakilaza kando ya moto."

Bwana mifugo akaishusha sindano. "Wewe mzee! Chembe za damu zikipasuka zinamwaga vilivyomo ndani, kipimo kinasoma uongo. Ulitaka nimuue mbwa kwa uongo?"

Mke wangu akaniambia, "Shimo lipo. Lala wewe."

Damu nyingine alivuta, akaipeleka mwenyewe. Safari hii maji yake yalikuwa ya manjano. Ini zima, figo nzima. Ni homa ya kupe tu, na dawa zikamwinua.

Mpaka leo anamwongoza mke wangu kisimani. Ila shimo sijalifukia. Mke wangu amekataa, anasema lililochimbwa kumsubiri mwenye uhai halifukiwi tupu. Na mbwa amelipenda. Kila jioni namkuta amelala humo ndani, kidevu ukingoni, anauangalia mkono wangu wa kulia.