Ngozi Iliyooshwa

Mama yangu hana subira na hadithi za kubuni. Mimi kuziandika ndiyo kazi yangu, na kila nikitoka Garissa kwenda kumwona kwake Bura hunikaribisha, hunimiminia chai, kisha huniuliza kama bado nalipwa kwa kusema uongo. Humjibu kwamba silipwi vizuri. Hilo humpoza kidogo. Jambo moja tu alinikataza kabisa: kumwandika marehemu baba. Alisema maiti hasingiziwi maneno.

Safari moja nilimkuta hana utani. Ukame ulikuwa umemwachia ngamia mmoja tu wa maziwa, na ndama wa ngamia huyo alikuwa amekufa alfajiri ile. Ngamia asiyemwona mwanawe huyazuia maziwa, na akiachwa hivyo hukauka. Mama huishi kwa kuuza maziwa hayo. Yakikatika, itabidi ahamie kwangu mjini, na hilo amelikataa tangu baba afariki. Nyumba yangu anaiita kisanduku.

Dawa yake kwetu inajulikana. Ndama huchunwa, ngozi ikawekwa mbele ya mama yake ainuse, naye akaachia maziwa. Kaka yangu, mkamuaji wetu, alichuna. Mama akaichukua ngozi. Sasa, mama ni mtu wa usafi kupita kiasi, na isitoshe, mzoga ni najisi. Hakuwa tayari kuusogeza karibu na maziwa ya watu. Aliisugua ngozi kwa maji na majivu, akaifukiza moshi kama anavyofukiza vibuyu vyake, akaturudishia ikiwa safi kuliko shuka langu.

Ngamia aliinusa mara moja, akageuza shingo. Kaka alipogusa kiwele alipigwa teke, kibuyu kikaenda zake.

"Si mjinga huyu," mama alisema. "Uongo haumwingii."

Alisema akinitazama mimi, kana kwamba ndimi niliyemuua ndama.

Niliudhika, kwa sababu hapo alikuwa ameingia kwenye kazi yangu, na kazi yangu naijua. Nimetupa kurasa nyingi zilizokuwa safi namna ile. Msomaji anajua fika kwamba mtu wa kwenye hadithi hayupo, na yuko radhi kumlilia, mradi umpe kitu kimoja cha kweli cha kushika. Ngozi ile haikuwa na kitu. Ilinukia kibuyu.

"Kamba ya ndama iko wapi?" niliuliza.

"Pale zizini alipokuwa amefungwa," kaka alijibu.

"Hooyo, hukuiosha?" nilimuuliza mama.

"Sikuiona," mama alisema, na nilisikia kabisa kwamba anajuta.

Nilikwenda kuichukua kamba. Ilikuwa imekakamaa kwa mate na maziwa yaliyoganda. Nikaifunga kwenye ngozi, mahali pa shingo, nikainama nayo hadi kimo cha ndama aliyesimama. Kaka aliniambia nitapigwa teke mimi sasa. Nilimwambia ashike chombo chake.

Ngamia alishusha kichwa. Akapita juu ya ngozi bila haja nayo, akafika kwenye kamba, akabaki hapo. Aliguna kwa sauti ya chini, kisha akaanza kulamba, kamba na vidole vyangu pamoja. Kaka alisema bismillahi, na povu likaanza kupanda kibuyuni.

Nilifurahi, sifichi. Nilimgeukia mama maneno yangu yakiwa tayari mdomoni, ya miaka mingi. Nikamkuta ameshika ncha ya mtandio wake mdomoni, analia.

"Amesahau kwamba ndama amekufa?" aliniuliza.

"Hapana, Hooyo. Alfajiri alisimama juu yake. Anajua."

"Basi mbona anatoa?"

"Maziwa bado ni ya mwanawe."

Mama alifuta machozi. Alimtazama ngamia mpaka kaka alipomaliza, akapokea kibuyu, akakifunika vizuri, akaondoka nacho. Ile kamba aliitundika mwenyewe kwenye mwiba wa zizi, mbali na maji.

Kesho yake alinisindikiza hadi barabarani kwenye gari la Garissa. Sikumkumbusha lolote, nilijua nimeshinda, na yeye alijua. Nilipokwisha kukaa, aliegemea dirisha.

"Siku ukimwandika baba yako," alisema, "usimwoshe. Mwache na kikohozi chake, na zile hasira zake chai ikichelewa."