Usiku Nilioiogopa Mikono Yangu

Ipo siku moja haijanitoka moyoni, mwanangu, ingawa miaka imepita mingi na mtoto ninayemsema sasa ana ndevu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimetoka kwetu Mlali, nimeolewa, nikaletwa mjini Dodoma, tukapanga chumba kimoja pale Kikuyu, kwenye nyumba ambayo milango yote inatazama uani. Mume wangu alihudumia ng'ombe huko Kongwa na alikuja nyumbani mara mbili kwa mwezi. Siku nyingine zote nilikuwa peke yangu na Elia, mtoto wetu wa kwanza.

Elia alianza kulia alipotimiza wiki tatu. Mchana alikuwa mtoto kama watoto wengine: ananyonya, anacheua, analala. Ikifika saa nne usiku anashtuka kama aliyechomwa na kitu, anakunja magoti, anakaza ngumi, analia mpaka sauti inakatika. Anavuta pumzi, anaanza upya. Nikimpa ziwa analitema. Nikimtazama nepi, kavu. Nambeba, natembea naye chumbani, hatua nne kwenda, hatua nne kurudi, mpaka saa nane, mpaka saa tisa.

Niliogopa kila kitu. Niliogopa degedege. Niliogopa ameangaliwa na jicho baya, maana kijijini kwetu mtoto akilia hivyo watu huanza kunong'ona. Nilimpeleka kliniki, wakampima, wakamgeuza huku na huku, wakasema hana homa, uzito unaongezeka vizuri, watoto wachanga wengine hulia hivyo na kilio kitaisha chenyewe. Nilipaswa kufurahi. Lakini nilirudi nyumbani na hofu kubwa zaidi, kwa sababu kama mtoto haumwi, basi nilidhani ubaya uko kwangu mimi mama yake.

Chumba cha pili kutoka changu alikaa Bwana Kessy, mtumishi wa serikali kutoka Moshi. Hapana, nimekosea, kilikuwa chumba kinachopakana na changu kabisa, ndiyo maana alikuwa akigonga ukuta. Mara tatu, kwa kiganja. Kila akigonga, moyo wangu unaruka. Mwenye nyumba alikuwa Bi Zuhura, bibi wa mjini hasa, wa ukoo wa wale waliofika huku zamani na misafara ya biashara. Alfajiri utamkuta uani anachoma vitumbua.

"Shikamoo, bibi," namwamkia.

"Marahaba, mama Elia. Mmeamkaje? Mtoto je?"

"Mzima kabisa."

Najibu hivyo huku macho yameniiva. Bibi ananitazama kidogo, ananipa vitumbua viwili, nami naingia ndani haraka asije akauliza zaidi. Niliona aibu. Nilikuwa na hofu wakijua watasema msichana wa Mlali ameshindwa kulea.

Basi likatokea jambo usiku mmoja, jambo nitakalokwambia mbele kidogo, na asubuhi yake nikaenda bombani nikiwa nimeamua kwamba usiku kama ule hautanikuta tena. Mwanamke mmoja tuliyekuwa tunapanga naye foleni ya ndoo aliniambia, "Mpe dawa ya kikohozi, ile ya maji ya watu wazima. Kijiko kimoja tu. Atalala mpaka kuche." Sikumuuliza amejuaje. Nilikwenda kuinunua.

Saa nne Elia akaanza. Nikampa kijiko. Nikangoja. Akaendelea kulia, nikamwongeza kijiko cha pili. Baada ya muda sauti ikashuka, ikawa kama ya paka, kisha ikakoma. Mwanangu, sijui nikuelezeeje ule ukimya. Ulikuwa mwezi wa saba, upepo unapiga bati, baridi kali, na mimi nikalala kama gogo, nguo zangu zote mwilini.

Nilishtuka saa nane na maziwa yamelowanisha gauni. Elia alikuwa hajaamka kunyonya. Nikamgusa shavu. Nikamwita. Nikamtekenya nyayo, nikamkalisha, kichwa kikaanguka mbele kama cha mtu asiye na shingo. Nikaweka sikio puani kwake. Pumzi ikaja. Nikahesabu, nikangoja, nikafikiri haiji tena. Ikaja.

Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo. Bi Zuhura alifika wa kwanza, hajafunga hata ushungi. "Amekula nini?" Nikamwonyesha chupa. Aligeuka akapiga mlango wa Bwana Kessy kwa ngumi zote mbili, na yule bwana niliyemwogopa wiki zote zile akatoka na singlendi, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, akawasha gari lake kuukuu na kutupeleka hospitali. Njia nzima bibi alikuwa akimpapasa mtoto mgongoni na kumsemesha, "Vuta, baba. Vuta tena."

Hospitalini walimchukua mikononi mwangu. Niliwaambia ukweli, vijiko viwili, na chupa nikawapa. Wakamwekea hewa ya kumsaidia kupumua, wakawa wanamwangalia kila mara. Daktari alisema, "Tumshukuru Mungu mmewahi, lakini siwezi kukuahidi kitu sasa hivi. Tusubiri." Tukakaa kwenye benchi la korido, mimi na Bi Zuhura, na Bwana Kessy amesimama mlangoni na mguu wake mmoja mtupu. Nilijaribu kuomba, maneno yakakataa. Kila nesi aliyepita nilidhani anakuja kuniambia.

Kulipopambazuka tukasikia kilio. Kidogo, kikavu, kisha kikubwa. Nesi akatoka na Elia amemfunga kwenye kanga, akaninyooshea. "Mnyonyeshe, mama. Amerudi."

Nikarudi nyuma.

Nesi alishangaa. Bi Zuhura akampokea mtoto, akampa nesi ishara atuache kidogo, akaniambia niketi.

"Unaogopa nini?"

"Sijui, bibi."

"Unajua. Sema."

Ndipo nikasema lile jambo. Nilimwambia kwamba usiku wa kuamkia jana yake, mtoto alipolia kwa saa nne mfululizo, nilijikuta nimemshika kifuani kwa mikono yote miwili, nimemwinua mbele ya uso wangu, na vidole vyangu vinakaza. Nilitaka kumtikisa. Nilitaka anyamaze kwa namna yoyote ile. Nilimtupa kitandani, akadunda kidogo, nami nikajiziba mdomo kwa kanga nisipige kelele. Niliinunua ile dawa kwa sababu niliiogopa mikono yangu.

Nilidhani atanipiga. Nilidhani ataniita muuaji. Bi Zuhura alimpakata Elia aliyekuwa anatafuta ziwa, akambembeleza magotini.

"Mimi nimezaa saba," alisema mwishowe. "Wa tatu alilia hivi. Siku moja nilimweka chini katikati ya chumba nikatoka nikaenda kusimama chooni, nimeziba masikio, mpaka mama mkwe akaja kunitoa. Sijawahi kumwambia mtu." Kisha sauti yake ikawa kali. "Sikugombezi kwa kuchoka. Nakugombeza kwa lile 'mzima kabisa' lako. Kila asubuhi nakuuliza, kila asubuhi unanidanganya. Mlango wangu uko hatua kumi kutoka kwako, na wewe umekwenda kuomba ushauri bombani kwa mtu asiyekujua! Ungenigongea. Hata kama ni saa nane. Hata kama ungekuja na kilio bila neno."

Akaniwekea mtoto kifuani, akaushika mkono wangu wa kulia akauweka mgongoni kwa mtoto, na mkono wake juu ya wangu. Tukakaa hivyo mpaka akamaliza kunyonya.

Kilio hakikuisha, usije ukafikiri kiliisha. Kiliendelea wiki nyingine saba au nane. Lakini kila saa nne usiku Bi Zuhura alikuja, anamchukua Elia, ananiambia lala. Nililala saa mbili, tatu. Siku nyingine alikuja shangazi yake Bwana Kessy aliyekuwa amemtembelea. Mume wangu aliporudi nilimweleza yote, akatoka nje akakaa peke yake hadi nikadhani ameondoka. Aliporudi ndani alisema tu, "Nikiwepo, usiku ni wangu." Elia alipopita miezi mitatu kilio kikapungua, na siku moja tukaamka asubuhi kumbe amelala usiku kucha.

Mwaka jana Elia mwenyewe alipata mtoto, naye akawa analia vilevile. Nilikwenda kuwatembelea nikamkuta mkwe wangu macho yamemwiva kama yangu wakati ule. Nikamuuliza, akasema, "Tuko wazima, mama." Nikaogopa upya, mwanangu, kama ni jana. Nikamwita Elia mezani, nikamsimulia niliyokusimulia wewe.

"Mama, ulinipa dawa?"

"Nilikupa."

"Ukataka kunitikisa?"

"Nilitaka."

Alinitazama muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko ule wa koridoni. Sikujua kama nitabaki na mwana. Kisha akainuka, akaenda chumbani, nikamsikia akimwambia mkewe, "Nipe mimi, nenda kalale."

Basi sikia, mwanangu, wewe unayesoma haya na mtoto amekulalia begani. Akilia, mtazame kwanza: njaa, nepi, joto, nguo inayobana, homa. Akiwa na homa, akikataa kunyonya, akitapika sana, akilegea, au kilio kikikutia shaka kuwa si kile cha kila siku, usingoje kuche, nenda hospitali. Usimpe dawa yoyote ambayo daktari hakukuandikia, hata aliyekushauri awe ndugu yako. Na ukiona hasira inapanda, vidole vinakaza, mlaze chali mahali salama, funga mlango, toka nje uvute hewa dakika chache. Kilio cha dakika hizo hakitamuua. Kumtikisa kunaweza kumuua. Kisha mwite mtu. Una simu, una jirani, una mama. Mwambie maneno haya haya: nimechoka, naogopa, njoo.

Na wewe baba unayegeuka upande wa pili ukajifunika blanketi, hili nalo ni lako.

Mwenyezi Mungu aitulize mikono yako. Akupe mtu wa kukufungulia mlango ukigonga, na siku zako zikifika, akufanye wewe uwe mtu wa kufungua. Mtoto wako akue, akuzidi urefu, na asubuhi yenu iwakute nyote mnapumua.