Gitaa la Stanbor

Upepo wa mwezi wa nne uling'oa mabati ya nyumba ya Mei Trolin Nongsiej, kule Shillong, kaskazini mashariki mwa India. Mafundi walipopanda darini kutengeneza, waliteremka na sanduku jeusi lililojaa vumbi na mavi ya panya. Mei Trolin, yaani Mama Trolin, bibi wa miaka themanini na ushei, alilitupia jicho mara moja akageuza uso.

"Katupeni huko," alisema.

Ndani mlikuwa na gitaa la umeme la mwanawe Stanbor, jekundu, shingo imevunjika. Stanbor alikufa kijana. Bendi yao ilikuwa ikirudi kutoka kupiga muziki katika mji wa Sohra, ukungu umefunga njia, gari likatumbukia korongoni. Aliyeshika usukani alikuwa rafiki yake, Kitbok, mpiga besi. Yeye alitoka na mkono uliovunjika, na tangu mazishi hakukanyaga tena nyumba ile. Miaka ikapita thelathini na zaidi. Hata redioni gitaa likianza kulia, Mei Trolin aliinuka akazima.

Lurshisha, binti wa mwisho, ndiye aliyebaki kumtunza mama na nyumba, kama ilivyo kwa kila kitinda mimba wa kike katika jamii yao ya Wakhasi. Lile sanduku hakulitupa, na mama yake hakujua. Alilipeleka dukani kwake, alikokuwa akifunga upya waya wa shaba katika mota za pampu za maji.

"Kong, siku hizi pampu zimeota nyuzi?" mteja mmoja alimtania, akimwita dada kwa Kikhasi.

"Zimechoka kuvuta maji, zinataka kuimba," alijibu, lakini hakucheka.

Alilipima gitaa kwa mita ya umeme. Koili moja ya kunasa sauti, chini ya nyuzi, ilikuwa imekufa, waya wake umekatwa na kutu. Aliufungua wote, akaanza kufunga mpya, mwembamba kuliko unywele, akishusha pumzi polepole usije ukakatika. Ulikatika mara nyingi. Akarudia. Alilehemu swichi, akasugua kutu. Ilipobaki shingo, alijua amefika mwisho wa ujuzi wake. Akalibeba gitaa mpaka mtaa wa Mawlai, kwa Kitbok, ambaye sasa alikuwa seremala.

"Kong Lurshisha! Umepotea njia?"

"Sijapotea, Bah. Nimekuletea kazi," alijibu, akimwita kaka.

Lurshisha alipofungua sanduku, Kitbok alijifuta mikono kwenye suruali, lakini hakuligusa.

"Hili siliwezi."

"Huliwezi au hulitaki?"

"Mama anajua uko hapa?"

"Hajui."

"Basi lirudishe. Nimeshamkosea mara moja, inatosha."

"Waya naujua, mbao siijui. Nikimpa mwingine atalifanya kigoda."

Kitbok alicheka kidogo, kisha kicheko kikamfia usoni. Aliketi juu ya rundo la mbao.

"Stanbor aliniambia tulale hukohuko Sohra, Kong. Ukungu ulikuwa haukupi hata kuona boneti. Mimi ndiye niliyesema twende. Nilimwita mwoga, mbele ya wenzetu."

Lurshisha hakuwa amekuja kutafuta hayo. Miaka yote alikuwa akiamini ni ajali tu, haina mwenyewe. Mkono wake ulikwenda kwenye sanduku alifunge aondoke. Kisha akalisukuma mbele ya Kitbok.

"Liunge," alisema mwishowe, akatoka bila kuaga.

Kitbok aliliunga. Alilipeleka mwenyewe dukani, shingo imenyooka, mahali pa kidonda pamebaki mstari mwembamba.

Jioni hiyo, wakati wa chai nyekundu, Lurshisha alimweleza mama yake yote: gitaa, Kitbok, na yale aliyoungama Kitbok karakanani kwake. Mei Trolin alisikiliza huku akikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini, Mama?"

"Stanbor aliogopa ukungu tangu mdogo. Asingesema twende. Nilikuwa namngoja huyo mtoto Kitbok aje aniambie mwenyewe. Ameniacha mpaka nimezeeka." Akaweka kikombe chini. "Kamwite. Na ulilete hilo likelele lenu."

Kitbok alikuja Jumapili baada ya kanisa, amevaa koti. Alisimama mlangoni, akasema kosa lake lote, hakujitetea. Mei Trolin alikata popoo, akaifunga katika jani la tambuu lililopakwa chokaa, akamnyooshea kama anavyokaribishwa mgeni kwao. Kitbok aliipokea kwa mikono miwili, na hakuweza kuitafuna kwa kulia.

"Haya, piga," alisema mama.

Alipiga. Spika ndogo aliyoileta Lurshisha pamoja na gitaa ilikoroma, vidole vya Kitbok vilikuwa vizito.

"Mwanangu alipiga vizuri zaidi."

"Ndiyo, Mama. Sana."

"Endelea."

Mei Trolin aliishi misimu miwili zaidi ya baridi, na siku nyingi za Jumapili Kitbok alikula kwao wali na nyama ya nguruwe. Bibi alipokufa, jeneza alilitengeneza Kitbok, asikubali seremala mwingine amsaidie. Lurshisha alimpelekea chai pale karakana, wakanywa wameketi juu ya mbao. Kwake yeye msamaha ulichukua muda mrefu kuliko kwa mama yake. Hata siku ya mazishi ulikuwa bado uko njiani, nao wote wawili walilijua hilo.