Kijiko Kabla ya Kikombe cha Tatu

Habbo Saathoff alichunga kondoo juu ya tuta la kuzuia bahari maisha yake yote, na alipostaafu akaingia uharamia.

Hakuwa peke yake. Kila Jumamosi alasiri, msimu wote wa baridi, nusu ya wazee wa Osterwarf, kijiji cha pwani ya kaskazini ya Ujerumani, walikusanyika kwenye chumba kilicho nyuma ya kituo cha zimamoto, wakajifunga kitambaa cheusi jicho moja, wakacheza karata za hazina. Watu wenye nyonga za chuma na meno ya kununua. Chama kilikuwa na mwenyekiti, makamu wa mwenyekiti, na makamu wa makamu kwa sababu yule wa kwanza husinzia. Katiba yao ilikuwa nene kuliko Biblia ya kanisani, na ilisomwa zaidi.

Mchezo wenyewe ni hivi. Timu mbili, watu wawili wawili. Karata za visiwa zinatandazwa mezani, na kimoja kati ya hivyo visiwa kina hazina. Kila mchezaji ana karata za dokezo: moja inasema hazina haiko penye mamba, nyingine haiko penye minazi. Kila zamu unampitishia mwenzako karata moja kifudifudi, naye anajumlisha kichwani. Timu itakayosimika bendera nyeusi kwanza kwenye kisiwa chenyewe imeshinda. Lakini ole wako ukisema na mwenzako. Hakuna neno, hakuna kukonyeza, hakuna kikohozi chenye maana, mpaka mwenyekiti afunue karata ya hazina. Ukikosea, timu yako inatupwa baharini, mchezo umekwisha.

Fainali ilichezwa katikati ya msimu, na washindi walipewa meza ya karibu na jiko la kuni mpaka baridi iishe. Walioshindwa fainali walipewa meza ya mlango wa choo, mlango ambao haukuwahi kufunga vizuri tangu uwekwe. Usicheke. Upepo wote wa lile tuta ulikuwa umehamia magotini mwa Habbo, na aliitaka ile meza ya karibu na jiko kama wengine wanavyotaka pepo.

Timu zilipangwa kwa kura, maana mke na mume waliozeeka pamoja huelewana hata kwa pumzi. Kura ikampa Habbo shemeji yake, Tjark Eilers, kaka wa marehemu mkewe, Antje. Watu wakamwonea huruma. Hao wawili walikuwa hawajasemezana tangu azikwe, miaka na miaka, wakipishana dukani kama milingoti miwili.

Huruma haikudumu. Timu nyingine zote ziliponzwa na mdomo. Mmoja ataguna, mwingine ataita jina la mwenzake kwa uchungu, hao baharini. Habbo na Tjark hawakuguna. Hawakutazamana. Karata zilipita kati yao kama barua za serikali. Mwenyekiti Almuth, aliyekuwa mkunga zamani na hakuvumilia kelele, aliwasifu mbele ya watu kuwa mfano wa nidhamu, na nasikia wapo walioanza kufikiria nao wagombane.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa chai. Kule chai ina sheria zake: sukari ya mawe chini, chai juu yake, malai pembeni, na hukorogi hata ukilipwa. Mwenyeji anamimina na kumimina mpaka uweke kijiko ndani ya kikombe, ndipo anajua umetosheka. Na mtu mwenye adabu haweki kijiko kabla ya kikombe cha tatu. Siku ya msiba, Tjark alikunywa kimoja, akaweka kijiko, akaondoka. Habbo alibaki na buli mkononi, akiutazama mgongo wa mtu aliyeshindwa kukaa vikombe vitatu kwa ajili ya dada yake. Toka hapo alikilea kinyongo hicho kama mwanakondoo yatima, kwa chupa, na kilikuwa kimenona.

Fainali wakakutana na Wübbo mwoka mikate na Fenna, mwalimu wa kuogelea. Almuth alimimina chai mwenyewe huku mchezo ukiendelea, kwa kuwa katiba inasema karata hazizuii chai.

Ikafika mahali Habbo kabakiwa na visiwa viwili, Kasa na Fuvu. Tjark akampitishia karata. Habbo akaisoma, akainua bendera, mkono ukazunguka kidogo juu ya meza, ukatulia juu ya Fuvu. Wakati uleule Tjark akaweka kijiko ndani ya kikombe chake. Kikatoa mlio mdogo. Bendera ikashuka.

"Subiri, Mama Mwenyekiti," Wübbo akasema. "Hicho kijiko kimeongea."

Almuth akauweka mkono juu ya karata ya hazina, hakuifunua. Akamuuliza Tjark maana ya kijiko. Tjark akajibu kwamba ametosheka.

"Vikombe viwili, umetosheka?" Wübbo akacheka. "Wewe mzaliwa wa hapa au tumekuokota Bavaria? Kampa mwenzake ishara huyu. Tosha, shusha hapo hapo."

Watu wakatikisa vichwa, na si kwa ubaya. Hakuna aliyewahi kumwona mtu mzima, mwenye akili zake, akikomea cha pili. Ingekuwa cha tatu kesi isingekuwepo. Almuth akapekua katiba, akatangaza kwamba shahidi anaruhusiwa, mradi azungumze na mwenyekiti peke yake. Je, yupo?

Alikuwepo mmoja tu. Habbo aliliangalia jiko, kuni zikipasuka mle ndani. Akinyamaza, choo. Akisema, itabidi amtetee mtu aliyemchukia kwa bidii muda wote huo, tena kwa kosa lilelile alilomchukia nalo. Magoti yakaamua. Akasimama.

"Mwenyekiti, huyu bwana ndiyo zake. Hata kwenye msiba wa dada yake aliweka kijiko baada ya kikombe kimoja. Hakuwa anamwambia mtu kitu."

Akakaa. Maneno yake mwenyewe yakamrudia masikioni. Hakuwa anamwambia mtu kitu.

Almuth akamgeukia Tjark, akamuuliza kama ni kweli. Tjark alikuwa mwekundu mpaka chini ya kitambaa cha jicho.

"Sipendi chai," akasema.

Fenna akakiweka kikombe chake chini polepole. Yule makamu anayesinzia akaamka.

"Inanisokota tumbo toka utotoni," Tjark akaendelea, macho yake kwa mwenyekiti. "Siku ile nilisema nitajikaza, vitatu, kwa heshima ya Antje. Kimoja tu kikanishinda. Nikakimbilia nyuma ya banda la kondoo kutapika. Ningerudije ndani?"

Habbo akamgeukia.

"Shemeji, si ungesema? Kahawa ilikuwepo kabatini. Antje mwenyewe alikuwa anakunywa kwa kujificha, anadhani sijui."

"Na unafikiri nani alikuwa anamletea?"

Wote wawili walikuwa wametabasamu kabla hawajatambua kuwa chumba kizima kinawatazama. Wübbo alikohoa kwa upole, maana hata yeye aliona haya kidogo.

"Mwenyekiti, karata bado haijafunuliwa. Na hao wanaongea."

Almuth alitazama katiba, akawatazama wao, akatazama katiba tena. Alikuwa na moyo mzuri, lakini alikuwa mwenyekiti. Akawatupa baharini. Ndipo akaifunua karata: hazina ilikuwa Fuvu.

Jumamosi iliyofuata Wübbo na Fenna walikaa karibu na jiko, wakilalamika kuwa joto limezidi. Kwenye meza ya mlango wa choo Habbo alijifunika blanketi magotini, akatoa kwenye begi themosi iliyovalishwa soksi. Harufu ya kahawa ikatembea chumba kizima. Almuth aliinusa, akageuka kuangalia dirishani.

Walifungwa siku hiyo, na karibu kila siku baada yake, kwa kuwa hawakuweza tena kufunga midomo yao. Habbo alimimina, Tjark akanywa. Akamimina tena. Kikombe cha tatu kilipoisha alisita, akamtazama shemeji yake. Kijiko kilikuwa bado kwenye kisahani, kwa hiyo akaendelea.