Kubisha Hodi Nyumbani Kwangu

Mwaka ule skuli zilipofungwa na watoto wakawa wanasomeshwa kwa kompyuta, mie nilijitia ualimu. Binti yangu alikuwa darasa la kwanza katika skuli ya serikali hapa hapa Ghubra, mtaa wetu wa Maskati, na kila asubuhi abla wake alitokea kwenye skrini kutoka chumbani kwake, kajitanda vizuri, nyuma yake pazia la maua. Abla ndivyo watoto wa Maskati wanavyowaita walimu wao wa kike. Basi abla akifundisha, mie nimekaa pembeni nachonga penseli, namwambia mtoto akae sawa, namnong'oneza jibu la tatu kujumlisha nne. Jioni nikipigiana simu na dada zangu, najisifu kwamba mwanangu namsomesha mwenyewe.

Mama yangu tunakaa naye. Kazaliwa Unguja, kazeekea Maskati, na tokea nimjue hajapata kumpita mtu bila ya kumsalimu. Alipofahamu kwamba ndani ya ile kompyuta yumo mwanamke wa watu, tena anaona, akawa anatafuta mtandio kila akitaka kwenda jikoni. Siku moja abla anaita majina, mama akapita na kikombe chake, akaona haiwi. Akainama mbele ya skrini akatoa salamu. Abla akaitikia, maana naye kalelewa. Mama akauliza hali, abla akajibu naye akauliza hali. Mama akauliza wazee, akauliza jamaa, akauliza huko kwao mvua imenyesha au vipi. Hapa kwetu mtu mzima akishaanza kuuliza habari humkati, unangoja mpaka ziishe, na zilipoisha darasa zima lilikuwa limenyamaza kama msiba. Mwishoni mama akamkaribisha kahawa. Abla akashukuru, akasema siku nyingine inshallah. Mama akaniambia yule binti ana adabu kunishinda mie.

Skuli zikafunguliwa. Binti yangu akaingia darasa la pili, akawekwa nyuma, akanyamaza. Nyumbani mtoto huyu anasema mpaka unaomba radhi, lakini darasani hakunyoosha hata kidole. Kusoma kwake kulikuwa kwa kusuasua, na wenzake wakamwacha. Kila asubuhi tumbo linamuuma, na ikifika Ijumaa, siku ya mapumziko, linapona lenyewe.

Mie mwenye hasira, sifichi. Nikamwambia mume wangu kwamba mwaka mzima nimemsomesha mwenyewe, hakuna kilichoharibika, kwa hiyo namtoa namsomesha nyumbani. Mume wangu watu wake walitoka Tabora, watu wa bara, wanafikiri kwanza ndipo waseme, maradhi ambayo kwetu sisi wa Unguja hayakufika. Akaniuliza mitihani atatunga nani. Nikamwambia asinifanyie uhakimu ndani ya nyumba yangu.

Akanipeleka kwa mwalimu mkuu. Bibi huyo alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mtu aliyepanda ndege siyo. Skuli ya kompyuta, alisema, ilikuwa ni skuli. Mwalimu wa serikali, vitabu vya serikali, mtihani wa serikali, hata majina yaliitwa na serikali. Kilichokosekana jengo tu. Ukimtoa mtoto ukamsomesha mwenyewe, hivyo vyote vinabaki huku, wewe unabaki na mtoto. Akasema mwaka ukimalizika nikitaka kumrudisha, atapimwa kusoma na hesabu. Akifaulu ataingia la tatu na wenzake. Asipofaulu ataanza la pili upya, na watoto walio wadogo kwake.

Tulipokuwa garini binti yangu akauliza, huko la pili atakuwa ndiye mrefu kuliko wote? Mtoto huyu ni mrefu, kawafuata watu wa baba yake, tayari wakimpiga picha na wenzake wanamweka mwisho. Sote tulijua jibu. Mume wangu akasema mwaka mmoja, kisha mtihani. Nikasema mwaka mmoja.

Asubuhi ya kwanza nikakaa mbele yake, naye akakaa mbele yangu, tukatazamana. Ndipo nilipofahamu kwamba hapatokei mtu. Hakuna pazia la maua, hakuna wa kusema fungueni ukurasa wa kumi. Mzoea udalali duka haliwezi, na mie mwaka mzima nilikuwa dalali.

Nikaingia mtandaoni kutafuta mama wenzangu. Nikawakuta wamegawika makundi kama timu za mpira. Kundi moja linasema mtoto asilazimishwe, afuate moyo wake unapomwelekeza. Nikaona hilo rahisi, nikamuuliza binti yangu moyo wake unamwelekeza wapi. Ukamwelekeza kwa paka. Tukasoma paka. Tukahesabu paka wa mtaa, tukagawa paka kwa mapipa ya taka, tukaandika insha ya paka, tukachora ramani ya Ghubra yenye paka watupu na barabara moja. Mume wangu aliporudi kazini akaikuta ramani mlangoni, akauliza mtihani wa la tatu una paka wangapi.

Kundi jingine la ratiba. Huko yumo bibi mmoja wa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, nyumba yake nilipoiona nilitaka kulia, chumba kizima cha darasa, ubao, kengele, kila robo saa ina jambo lake. Nami nikabandika ratiba ukutani. Saa ya hesabu ikafika, shangazi yake mume wangu akaja kutuamkia. Saa ya kusoma ikafika, mama akaniita nimkunie nazi, maana mashine anasema inaharibu ladha. Nikamwambia mama nnasomesha. Akanitazama nilivyokaa na kanga yangu, akasema, "Unasomesha wapi? Si uko nyumbani?"

Tukajaribu kusoma kwa vitendo. Wakati ule soko la mboga bado lilikuwa Mawaleh, nikamchukua tukapime vitunguu tujifunze kilo na nusu kilo. Alichojifunza ni kumsikitikia muuza tikiti mpaka akapewa tikiti la bure. Hesabu haikupanda, lakini tikiti lilikuwa tamu.

Miezi ikawa inakwenda, na mtoto yuko pale pale. Nikimwambia soma, anasema ngoja. Nikimkaripia, ananikumbatia. Nikimwambia mwandiko mbaya, anauliza chakula cha mchana nini. Nikaona wazi kabisa atarudi la pili, kichwa chake juu ya vichwa vya watoto wadogo, na sababu nitakuwa mie. Usingizi ukanipaa.

Ndipo nikafanya jambo ambalo dada zangu mpaka leo wanalitumia kunichekea harusini. Niliona kwamba tatizo si masomo. Yule abla wa skrini walimheshimu wote nyumba nzima kwa sababu alikuwa mtu wa kuja, na mie hakuna anayeniheshimu kwa sababu nimo. Basi asubuhi moja nikavaa abaya ya kutokea, nikajifukiza udi, nikachukua mkoba, nikatoka mlango wa uani, nikaizunguka nyumba yangu kwa nje kwenye jua la Maskati, nikafika mlango wa mbele nikibubujikwa na jasho, nikabisha hodi.

Binti yangu alifungua. Akanitazama kutoka juu mpaka chini. Nikamwambia mie ndiye abla mpya. Wallahi mtoto alinyooka. Akanikaribisha majlisi, chumba cha wageni ambacho hata yeye haruhusiwi kula ndani yake, akakaa, akafungua kitabu, akasoma ukurasa mzima bila ya kuniambia ngoja. Katikati akanyoosha kidole akaomba ruhusa kwenda chooni, nyumbani kwao.

Nilikuwa nimemsahau mama. Yeye mtu akiingia mlango wa mbele ni mgeni, na mgeni ana haki zake. Akaingia na sinia la tende na kahawa, kajitanda mtandio wake wa kutokea, akakaa, akaniuliza hali. Nikamwambia mama, ni mie. Akasema karibu sana, na nyumbani hawajambo? Nikasema hawajambo. Na watoto? Nikasema mtoto wangu si huyu hapa. Akasema mashaallah, Mungu amkuze, na mama yako mzima? Nikaona hapa ama niseme mzima, ama tukae mpaka adhuhuri. Nikasema mzima. Akasema nimsalimie.

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananicheza shere au la. Nilipomuuliza, aliniambia nisimuulize mambo ya watu.

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo, tende na kahawa. Siku ya tatu nikabisha hodi, nikakaa, na badala ya sinia mama akaniletea ungo wa bamia na kisu, akaniambia nikate huku nnasomesha. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikakata bamia, na binti yangu akahesabu vipande kwa mafungu ya sita, na siku hiyo mara sita ikaingia kichwani ikakaa.

Tukaendelea. Majirani wakazoea kuniona nazunguka nyumba asubuhi kama mlinzi. Kijana wa duka la mbele alikuwa akinipungia mkono, nadhani alifikiri nnafanya mazoezi. Siku moja nilifungiwa nje milango yote miwili, nikamfundisha binti yangu kugawanya kupitia dirisha la jikoni, yeye ndani kwenye kiyoyozi, abla juani. Na mama akawa amempenda abla huyu kuliko alivyopata kunipenda mie. Alikaa naye akamweleza siri za nyumba. Alimwambia binti yake mwenyewe ana mdomo mrefu, hasikii, nyama anaikausha. Abla akasikiliza yote, nikamwahidi nitazungumza naye.

Kusoma kukapanda. Mtoto akawa anasoma vibao vya barabarani, maandishi ya maziwa, risala za simu ya baba yake, mpaka baba yake akaanza kuilaza simu kifudifudi. Nami nikakolea. Mwanzo nilikuwa abla wa asubuhi tu, kisha nikawa nikivua abaya natia nazi kwenye mchuzi huku namuuliza mara nane. Kwenye sahani ya wali namuuliza mara tisa. Usiku nikimfunika shuka namwambia aniambie herufi za Kiarabu, za mwezi na za jua. Mtihani ulikuwa unakuja, na nikifumba macho namwona amesimama kwenye mstari na watoto wadogo.

Siku yenyewe ikafika. Walimu wawili wakamchukua ndani wakafunga mlango. Mume wangu akakaa kwenye benchi na tasbihi yake, katulia, nami nikatembea mpaka farashi, mfagiaji wa skuli, akaniomba nikae kwa sababu alikuwa ametoka kupiga deki. Kupitia mlangoni nilisikia sauti ya binti yangu inasoma. Sikusikia maneno, nilisikia tu kwamba haikwami. 

Mwalimu mkuu akatoka mwenyewe. Akasema binti ataingia la tatu na wenzake, na kusoma kwake kumewapita wengi wao. Akaniambia hongera, abla. Nikamwona mume wangu anaangalia pembeni na kufuta macho, halafu anajidai vumbi.

Garini nilikuwa siwezi kunyamaza. Nikasema kumbe tunaweza, kumbe skuli ya nini, la tatu nalo tunalisoma nyumbani, vitabu vyake nimeshaviona, tutaanza na sayansi. Nikasema sana, mpaka nikatambua kwamba nyuma kumenyamaza. Nikageuka. Binti yangu alikuwa kageukia dirishani, na akasema taratibu kwamba yeye anataka kurudi skuli.

 Nikamuuliza kwani abla wake mbaya? Akasema si mbaya. Nikamuuliza kwani hakumfundisha? Akasema kamfundisha. Nikamuuliza sasa nini basi, na sauti yangu ilikuwa imeshaanza kupanda, na mume wangu akaniwekea mkono gotini.

Binti yangu akageuka kutoka dirishani. Akasema, "Abla akinigombeza, nikamsemee kwa nani?"

 Mume wangu aliendesha gari kama mtu anayefanya mtihani wa leseni. Nilitazama mbele, nikajiona nimekaa na abaya yangu ya kutokea, na nikajiuliza tokea lini mtoto huyu ana maneno haya tumboni na hana pa kuyapeleka. Nikafungua mkanda, nikamwambia baba yake asimame. Nikashuka nikakaa nyuma pamoja naye, nikaivua abaya pale pale kitini, nikabaki na dera langu la ndani la nyumbani lenye doa la manjano.

Nikamwambia, "Haya, msemee kwangu mie."

Akanitazama kuhakikisha. Kisha akaanza. Akasema abla anapiga meza. Akasema abla mwenyewe akikosea, anasema alikuwa anamjaribu. Akasema abla hamwachi amalize hadithi, na siku aliyolia kwa sababu ya kugawanya, abla alisema machozi hayana alama, akaendelea na somo. Akasema siku ile alimtaka mama yake. Nikamshika mkono. Nikamwambia pole mwanangu, abla gani huyo hana hata huruma, kesho nitakwenda kumwona mwenyewe, nimwambie maneno yake.

Akanilalia begani. Tulikuwa tunakata kona ya nyumbani aliposema, "Lakini usimgombeze sana, mama. Alikuwa anaogopa."