Mchungaji Alitukuta Tumenuniana

Nakumbuka asubuhi moja masika yakianza, mwanangu. Niko bondeni Kibuta natayarisha shamba la mpunga, tope hadi magotini, mara nasikia chuma cha kanisa kinagongwa, na wala si Jumapili. Moyo ukanilipuka. Mchungaji amefika!

Siku zile za Mwingereza mchungaji alikuwa mmoja, vijiji chungu nzima, naye akisafiri kwa baiskeli. Akishapita leo, kumwona tena ni mpaka mvua zikatike. Na desturi yetu ilikuwa hii: asiyepatana na mwenzake haendi Meza ya Bwana. Mzee wa kanisa alikuuliza waziwazi, "Una neno na mtu?" Utadanganyaje, na kijiji kizima kinajua?

Basi mimi nilikuwa na neno na wifi yangu Yusta, dada wa mume wangu, tuliyeishi naye ua mmoja. Chanzo? Kuku wake! Walikula mpunga wangu niliouanika mkekani, nikawatupia mchi, mmoja akavunjika mguu. Unacheka? Cheka tu. Sisi tulinuniana tangu mavuno.

Mama mkwe alikuwa mgonjwa, hainuki kitandani. Kila nilipompelekea uji alinishika mkono. "Kapataneni. Nataka nishiriki Meza ya Bwana nanyi wawili, mmoja kulia, mmoja kushoto." Nami nikijibu, "Mchungaji akija, mama, tutapatana." Wifi naye alijibu vivyo hivyo, kwa hilo tu tulikuwa kitu kimoja! Gauni langu jeupe nilikwisha kulifua, nikalikunja na maua ya mkadi linukie. Nikajiona niko tayari kabisa.

Sasa mchungaji kaja, na wifi hayupo. Juzi yake alikwenda Mbwawa kwenye msiba wa mjomba wao. Nikaoga mbiombio, nikavaa, nikafika mlangoni kwa mama mkwe, maana mgonjwa alishirikishwa nyumbani kwake. Mzee wa kanisa akanitazama, wala hakukasirika. "Una neno na mtu?" Nikarudi nyuma mwenyewe. Mchungaji hakuweza kungoja, maana mto ulikuwa unajaa. Nikabaki uani, namsikia mama akishiriki peke yake. Nililia, mwanangu, sikujali nani ananiona.

Mchungaji alipoondoka mama akaniita. Nilidhani atanibembeleza. Wapi!

"Mkwe wangu," alisema, "mgeni hatandikiwi mkeka akishaketi. Ninyi mmekuwa mkimngoja mchungaji. Mimi namngoja Bwana, na Yeye akija hagongewi chuma."

Maneno yale yalinichoma. Kulipopambazuka nilishika njia ya Mbwawa kwa miguu, mume wangu akinisindikiza. Nikamkuta Yusta katikati ya wafiwa, nikaketi kando yake. "Wifi, nisamehe. Mama anatungoja."

Akanigeukia. "Mbona umekawia hivyo? Mimi nilitaka kuja zamani, naogopa huo mdomo wako."

Tukakumbatiana tukalia, watu wakadhani tunamlilia marehemu.

Tulirudi tukamkuta mama yu hai, Bwana asifiwe. Akatushika mikono, huyu kulia, huyu kushoto, akacheka mpaka akakohoa. Lakini mvua zilipokatika na mchungaji akarudi, tulipiga magoti wawili tu, mimi na wifi. Mama tulikwisha kumzika. Alichotamani kilikuwa kidogo, nasi tuliweza kumpa siku yoyote ile. Mpaka leo kinaniuma.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Ngojangoja huumiza matumbo. Kukesha ambako Bwana alituagiza si kukodoa macho usiku kucha, wala si kuwa na nguo ya Jumapili iliyopigwa pasi. Ni kuishi hivi: ukiitwa sasa hivi, jembe mkononi, hakuna mtu unayemkwepa njiani. Sali, ndiyo, na usome Neno. Ila ukiwa una neno na mwenzako, usimpangie Mungu tarehe. Inuka umwendee leo, hata kama kosa ni lake. Na usiniambie eti yeye ndiye aanze. Nami nilisema hivyo hivyo.

Mungu akujalie moyo mwepesi wa kusema "nisamehe", na masikio ya kuusikia msamaha ukibisha hodi. Na siku Bwana atakapokuja, asikukute umenuna. Amina.